Harufu ya Mvua Maabarani

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niteme karanga. Nilikuwa nimetoka Busi, Kondoa, na shati jipya lililopigwa pasi na mama yangu, na dua za mwalimu wangu wa madrasa zikiwa bado masikioni. Nilipokelewa katika ghala la nafaka pale Dodoma mjini. Kwa kutaka kuonyesha kwamba mimi ni mtoto wa mkulima, nikachukua karanga kwenye gunia lililokuwa mlangoni, nikaiuma, nikatangaza kuwa imekauka vizuri.

Afisa Ghala alinitazama juu ya miwani yake. "Meno yako yanasoma unyevu?"

"Ndiyo mzee. Ikilia ka! nikiiuma, imekauka."

"Na mwenye pengo atapima na nini? Tema hiyo, kijana. Njoo nikuonyeshe mashine."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupima maji yasiyoonekana, na sikutoka humo mpaka nilipostaafu. Vijana wengi wanaonitembelea hapa Kikuyu, mtaa wa Dodoma, huniuliza fundi sanifu wa maabara alikuwa akifanya nini hasa, na kwa nini mtu apoteze maisha yake kupima kitu kilichofichwa ndani ya kitu kingine. Ninawaandikia hawa. Mwenyezi Mungu amenipa uzee wenye macho mazuri, na si vyema kumrudishia neema hiyo bila kuitumia.

Mashine ya Afisa Ghala ilikuwa kopo la chuma lenye kuta mbili zisizogusana. Unajaza punje katikati, unapitisha umeme mdogo, na mshale unakuambia unyevu. Siri yake ni kwamba punje kavu ni kihami, yaani haipitishi umeme kwa urahisi, na punje yenye maji hupitisha zaidi. Mtoto angeweza kuelewa. Lakini nilipoizoea nikaona jambo lililonisumbua. Tulikuwa tukikausha karanga kwenye tanuri dogo na kuzipima uzito. Mwanzoni, maji yalivyopungua, mshale ulishuka pamoja na mizani. Kisha mshale ulilala, lakini mizani iliendelea kushuka. Karanga bado zilikuwa zikitoa maji, ila umeme hauyaoni.

Nikamuuliza Afisa Ghala. Alikuwa akila mhogo wa kuchoma, akaninyooshea kipande.

"Ukifika kwenye nyumba yenye msiba," akasema, "unawakuta watu wa aina mbili. Kuna waliokaa uani, wanaingia na kutoka, wanatumwa huku na huku. Na kuna mfiwa aliyekaa ndani kwenye mkeka. Huyo humtumi dukani. Maji ya ndani kabisa ya karanga ni mfiwa. Yapo, ila yameshikwa, hayatumwi."

Sijapata kusikia maelezo bora zaidi, na nimesikia mengi kutoka kwa watu wenye majoho.

Baada ya miaka kadhaa pale ghalani nilipata nafasi ya kusoma chuo cha ufundi, kisha nikapangiwa kituo cha utafiti pembezoni mwa mji, upande wa barabara iendayo Makutupora kwenye mizabibu. Nilifanya kazi chini ya wakuu watatu. Wa kwanza alipenda usafi wa chupa kuliko kitu kingine, wa pili alipenda mikutano. Wa tatu ndiye ninayetaka kumwelezea, kwa sababu ni wakati wake yalipotokea ninayoyakumbuka kwa furaha zaidi.

Tulimwita Daktari. Alikuwa ametoka Kagera, nchi ya migomba na mvua za kila mara, na ukame wa Dodoma ulimshangaza kama muujiza. Taulo lake lilikauka kabla hajamaliza kunywa chai. Midomo yake ilipasuka, akawa anatembea na kopo la mafuta mfukoni. Kila tulipoomba kifaa cha kudhibiti unyevu wa chumba alicheka.

"Fundi, unataka kununua nini? Huku kwenu hewa yenyewe ni kikaushio. Mungu amekupeni bure."

Sisi wenyeji tulicheka naye. Nani angebisha? Mwezi wa nane, ukianika shuka unageuka unalianua.

Wakati huo alikuja Mwalimu Anjela. Alikuwa Mgogo, binti wa mchungaji wa kanisa, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, aliyepewa ruhusa ya kusoma shahada ya uzamili. Alichagua kuchunguza jinsi maji yaliyoshikwa na protini yanavyobadilisha tabia ya protini hiyo mbele ya umeme. Nilipoisikia mada yake nilihisi kama nimerudi ghalani na kipande cha mhogo mkononi.

Nieleze kidogo, taratibu. Protini ni mnyororo mrefu uliojikunja, na juu ya mnyororo huo kuna sehemu zenye chaji za umeme, nyingine chanya, nyingine hasi. Maji nayo, kila molekuli yake, ina upande wa chanya na upande wa hasi, kama sumaku ndogo. Maji ya kwanza kufika hunaswa kwenye zile sehemu zenye chaji na kukazwa pale. Ukileta umeme unaobadili mwelekeo kila mara, maji hayo hayawezi kugeuka kuufuata. Wafiwa wako mkekani. Maji yanayofuata hukaa nje kidogo, huru zaidi. Hayo hugeuka, na hata hutengeneza njia ambazo chaji ndogo hupita kutoka sehemu moja ya protini hadi nyingine. Kwa hiyo ukichora mstari wa kuonyesha umeme unaopita kadiri maji yanavyoongezeka, mstari huo hulala kwanza, kisha mahali fulani huinuka ghafla. Pale unapoinukia tulipaita goti. Kazi yote ya Mwalimu Anjela ilikuwa kuonyesha goti hilo liko wapi, na kwamba liko palepale kila unapopima.

Protini yake ilikuwa jelatini, itokanayo na ngozi na mifupa. Tuliitengeneza iwe utando mwembamba kama ganda la kitunguu, tukaihifadhi katika mitungi ya kioo. Chini ya kila mtungi kulikuwa na maji yaliyoshiba chumvi, kila mtungi na chumvi ya aina yake, maana kila chumvi hushikilia hewa iliyo juu yake kwenye kiwango kimoja cha unyevu bila kuyumba. Utando ukishakaa humo vya kutosha, unautoa haraka, unauweka kati ya sahani mbili za chuma, unapima. Muda wa kuutoa mtungini mpaka kwenye sahani tuliuona si kitu. Hewa yetu si ni kavu?

Goti likakataa kukaa. Jioni lilikuwa mahali pamoja, asubuhi mahali pengine. Na asubuhi yenyewe haikufanana na asubuhi ya jana yake. Mwalimu Anjela alipenda kupima asubuhi kwa kuwa umeme haukuyumba na chumba kilikuwa tupu, kwa hiyo vipimo vyake vingi vilikuwa vya asubuhi, na vingi vilikuwa vurugu.

Nilifungua kifaa chote, nikasafisha kila kiungo kwa spiriti. Tukabadili waya. Tukatengeneza jelatini upya. Daktari akaja, akatazama mistari ya vipimo tuliyoibandika ukutani, kama nyuzi zilizochezewa na paka, akavuta kiti.

"Mwalimu, Mtahini wako anakuja mwezi ujao. Shuleni kwako wameandika wanakutaka, ruhusa yako inaisha. Ukiwa na mstari mmoja unaorudiwa, nitasimama nawe. Ukiwa na hii," akanyoosha kidole ukutani, "nitakushauri uache, urudi kufundisha. Si aibu."

"Ndiyo, Daktari," akasema.

Alipoondoka, Mwalimu Anjela aliketi akizungusha kalamu. Kisha akaniambia, "Mzee Idi, baba yangu aliuza ng'ombe nisome. Watu wa kijijini walimcheka, wakamwambia ng'ombe anazaa, digrii haizai. Nikirudi hivi watakuwa wamesema kweli."

"Binti yangu," nikamwambia, "jelatini haijui mambo ya kijijini kwenu. Inafanya ilichoumbiwa kufanya. Kama inatuambia tofauti asubuhi, basi kuna tofauti asubuhi. Subira."

Nilisema hivyo kwa imani, si kwa ujuzi.

Jibu lilikuja kwa njia ya pua. Siku moja tulifika pamoja mapema kuliko kawaida, kwa sababu alikuwa amepewa lifti na mtu wa mizabibu, nami nilikuwa nimetoka kuswali alfajiri nikaunganisha. Nilifungua mlango wa maabara. Yeye akasimama kizingitini, akainua uso kama mbuzi anayenusa.

"Mzee, mbona humu ndani kunanukia mvua?"

Ilikuwa mwezi wa nane. Wingu la mwisho tulikuwa tumeliona zamani. Lakini ni kweli: kulikuwa na ile harufu ya udongo unapoguswa na matone ya kwanza, harufu ambayo sisi wa nyanda hizi tukiisikia hutoka nje kutazama mbingu. Na katikati ya chumba alikuwa Mama Yohana, mfagiaji wetu, ameinama, ndoo mkono mmoja, mkono wa pili ukirusha maji sakafuni kwa kiganja kama anayemwaga mbegu, huku akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya.

"Mbukwa, Shehe," akanisalimu. Aliniita Shehe kwa utani tangu siku aliponikuta naswali stoo. "Mbukwa, Mwalimu. Mnawahi leo, nani kafa?"

Kila mtu wa Dodoma anajua kwamba hufagii kabla ya kunyunyiza. Vumbi letu ni jekundu na jepesi, ukiligusa kavu linapanda darini, linashuka tena jioni. Mama zetu walinyunyiza, nasi tunanyunyiza. Hakuna aliyekuwa akiliona tena jambo hilo, kama usivyoiona pua yako mwenyewe. Mimi kwa kawaida nilifika akiwa amekwisha kufagia, sakafu imekauka, hewa ya chumba kilichofungwa madirisha ikiwa bado imejaa maji yale. Na utando wetu wa jelatini, mwembamba na wenye kiu, ulipita katika hewa hiyo kutoka mtungini hadi kwenye sahani.

Mwalimu Anjela alitazama sakafu. Akatazama mitungi. Akatazama mistari ukutani.

"Mama Yohana," akasema polepole, "unanyunyiza kila siku?"

"Kila siku ninayofagia."

"Sawasawa kila siku?"

"Aa, inategemea. Upepo ukivuma jana yake, naongeza. Bomba likikatika, napunguza."

Mwalimu Anjela akaketi juu ya kigoda akaanza kucheka, na machozi yakimtoka. Mama Yohana akanigeukia. "Shehe, huyu binti kapatwa na nini? Nimefanya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza ameshika kiuno, ndoo miguuni.

"Yaani karatasi zenu hizo zinakunywa maji yangu?"

"Zinakunywa."

"Kwa hiyo mnataka nifagie kavukavu, vumbi likapande puani kwa Daktari?"

"Fagia jioni tukishamaliza. Asubuhi usimwage hata tone."

"Nyumba isiyonyunyizwa asubuhi haijaamka, Shehe. Lakini haya. Kwa ajili ya mtoto wa mchungaji."

Daktari tulipomweleza alitoa kopo lake la mafuta, akapaka midomo bila haraka. "Kumbe kikaushio cha bure kina tundu," akasema. Kisha akatuambia tutafute namna ambayo utando hautaguswa na hewa ya chumba kabisa, iwe kavu au mbichi. Nilitengeneza sanduku la vioo vya dirisha vilivyobaki stoo, nikaziba viungo kwa lami ya kioo, nikaweka matundu mawili yenye glavu za mpira za kuingiza mikono. Sahani zikawekwa ndani, mtungi ukawekwa ndani, na kando tukaweka bakuli lenye zile chembe za kukaushia ambazo huwa buluu zikiwa kavu na hugeuka pinki zikinywa maji. Hewa ya nje ikabaki nje.

Goti likakaa. Jioni, asubuhi, kesho yake, palepale. Mwalimu Anjela alibandua mistari ya zamani ukutani, akabandika mipya, ikalaliana kama mikeka. Tukaanza kupumua.

Ikafika siku ya Mtahini. Alikuwa profesa wa kike kutoka mkoa mwingine, mwenye sifa ya ukali, na alikuwa na safari baada ya adhuhuri. Nilifika kufungua mlango, na harufu ya mvua ikanikumbatia. Sakafu yote iling'aa kwa maji. Baraza nayo, na ngazi, na hata kuta kwa chini zilikuwa zimelowa. Mama Yohana alikuwa amesimama pembeni, kavaa kitenge chake cha kwaya, anatabasamu.

"Mama Yohana, umefanya nini?"

"Mgeni wa mbali anakuja, Shehe. Mgeni haingii kwenye vumbi. Nimewaheshimisha."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana siku za kazi. Leo ni siku ya mgeni."

Mwalimu Anjela aliingia, akaona, akashika fremu ya mlango. Nyuma yake akaja Daktari pamoja na Mtahini. Daktari alinusa, akanitazama, akamwinamia Mwalimu Anjela. "Tumwombe aanze na kusoma andiko lako kwanza, chumba kikauke?"

Binti yule alitazama lile sanduku la vioo. "Hapana, Daktari. Tuanze."

Akaingiza mikono kwenye glavu. Akahamisha utando wa mtungi wa kwanza, akapima, akasoma kwa sauti, nami nikaandika. Wa pili. Wa tatu. Mstari ulilala, ukalala, kisha ukainuka, na goti lilikuwa mahali pake kana kwamba nje ya kioo kile hakukuwa na bahari sakafuni. Nilisema alhamdulillahi ndani ya moyo. Nilidhani tumemaliza.

Mtahini alivua miwani. "Vizuri. Lakini nitajuaje kwamba ni maji yanayoinua mshale huu? Labda kifaa chako kimezoea tu kukupendeza."

Mwalimu Anjela alichukua utando mkavu kuliko zote, akauweka kati ya sahani, mshale ukalala chini kabisa. Kisha akatoa mikono kwenye glavu na kufungua mlango wa sanduku.

Hewa ya Mama Yohana iliingia. Mshale ulikaa kwanza, kama mtu anayesikiliza. Ukatikisika. Halafu ukaanza kupanda, pole, kisha haraka, na zile chembe za buluu ndani ya bakuli zikaanza kuona haya pembeni. Akabadili bakuli, akaweka jipya, akafunga mlango. Tukasubiri. Mshale ukashuka ukarudi ulikotoka.

"Ni maji," akasema Mwalimu Anjela. "Yanaingia, yanatoka. Haya ya kwanza kabisa ndiyo hayatoki kirahisi."

Mtahini alitazama sakafu. "Nani kamwaga maji haya?"

Daktari akakohoa. Mama Yohana akajitokeza mlangoni, kitenge chake kikiwa kimelowa pindoni. "Ni mimi, mama. Ilikuwa kwa heshima yako, si kwa ubaya."

"Ahsante," akasema Mtahini. "Umenipunguzia maswali." Na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akacheka.

Mwalimu Anjela alipata shahada yake. Baba yake alikuja kituoni na mbuzi, akamkabidhi Mama Yohana kamba mbele yetu sote. Mama Yohana alimwuliza kama mbuzi huyu naye hapaswi kunyunyiziwa maji.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Watu huuliza kama sichoki kukaa. Sichoki. Asubuhi nikitoka msikitini ninanyunyiza uwanja wangu mwenyewe kisha ninafagia, na harufu ile inapopanda ninamkumbuka kila mtu niliyemtaja hapa. Nimefundishwa tangu madrasa kwamba uhai unatokana na maji, na sikuwa na shaka. Lakini kazi yangu ilinionyesha kwa macho: hata kile kinachoonekana kikavu kabisa kimeshika maji yake ndani, hakiyaachi, na bila hayo kingevunjika. Mtu naye yuko hivyo. Usimhukumu kuwa amekauka kwa sababu mshale haujacheza.

Mwalimu Anjela sasa anafundisha chuo kikuu hapahapa Dodoma. Mwaka huu alitualika, mimi na Mama Yohana, katika somo lake la kwanza la mwaka. Chumba kina vigae, kiyoyozi, na mashine inayoonyesha namba badala ya mshale. Lakini juu ya meza alikuwa ametuwekea kifaa chetu cha zamani ndani ya sanduku langu la vioo, lami ikiwa bado imeshika. Wanafunzi walisimama, "Shikamoo" zikajaa chumba.

Akampa Mama Yohana ndoo.

Mama Yohana, ambaye sasa anatembelea fimbo, aliitazama ndoo, akanitazama mimi. "Shehe, miaka yote naambiwa nisimwage. Leo naalikwa nimwage. Nyie wasomi mna kazi."

"Mwaga, mama," Mwalimu Anjela akasema, akifungua mlango wa kioo. "Hawa hawajawahi kuona."

Mama Yohana akanipa fimbo nimshikie. Akachota maji kwa kiganja, akayarusha juu ya vigae vile vinavyong'aa kwa mkono uleule wa zamani, akianza taratibu sauti ya pili ya wimbo wake. Wanafunzi waliinamia kifaa. Mshale ukakaa, ukatikisika.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Amina," akajibu Mama Yohana, na mshale ukaanza kupanda.